Tope la Kituo cha Kumi na Saba

...kwa sababu mtu anayetafuta upepo huangalia juu, Zuleha aliwaza, akabana ganda la karanga mpaka likapasuka, huangalia matawi yanayumbaje, bendera ya shule inapepea kuelekea wapi, moshi wa jirani unalala upande gani, haendi kuchota tope chini ya bahari akalishindilia kwenye bomba la plastiki, akalifunika huku na huku, akaliviringisha ndani ya kitenge na kulisafirisha siku tatu kwa basi kutoka Mtwara mpaka Mpanda, tena chini ya nguo za ndani, mahali mtu anapoficha kitu asichotaka kionwe na polisi wala mama yake, na jana jioni alipofungua lile begi la binti yake kutafuta nguo za kufua, maana Raya tangu azaliwe hajawahi kurudi nyumbani na nguo safi, mkono wake uligusa kitu kizito, cha baridi, urefu kama futi moja, akakivuta, akakiweka penye mwanga, bomba linaloonyesha ndani, limeandikwa kwa kalamu nene namba kumi na saba, na mshale, na herufi mbili tatu, na tope la kijivu lenye mchanga mwingi limetulia humo kama mwenye nyumba... akalirudisha lilivyokuwa, akazipanga zile nguo za ndani juu yake, akafua magauni peke yake, na wakati wa kula Mohamedi alipomuuliza binti yake habari za meli, binti akajibu nzuri baba, Zuleha alisema chukua kisamvu, basi, hakuongeza neno, kwa sababu anayeuliza mapema huambiwa uongo, anayesubiri huuona ukweli ukija wenyewe kuomba maji ya kunywa.

Sasa ilikuwa saa nne asubuhi, Mohamedi kashakwenda Shanwe kwenye duka lake la spea za baiskeli, na Zuleha alikuwa ameweka kigoda chini ya dirisha la chumba cha Raya, ungo mapajani, kwa sababu pale pana kivuli, hivyo ndivyo angejibu kama mtu angemuuliza, ingawa upande wa jikoni kivuli kilikuwepo kizuri zaidi, na simu ya Raya haisikiki sikioni tangu ilipoingia maji ya bahari, kwa hiyo ilikuwa kwenye spika, na sauti ya mwanamume ilikuwa inatoka imekwaruzika, "...sasa wewe Raya unataka nini hasa?" na Raya kwa sauti ya chini, "Nataka kujua ripoti imeshasainiwa au bado," na yule mwanamume, "Saa saba mchana. Ikishasainiwa imekwisha, tulia, kula likizo yako," likizo, Zuleha aliwaza, likizo gani ya kuja wiki tatu kabla ya siku aliyoisema mwenyewe, aliniambia atakuja mfungo ukianza, hajaja mfungo, kaja Jumatatu, bila simu, macho mekundu, akasema amekumbuka nyumbani, na mtu aliyekumbuka nyumbani hula, huyu hali, anachokonoachokonoa wali kama kuku mgonjwa, na huyo mwanamume ni nani, Feisal, jina nimelisikia mara tatu tangu juzi, Feisal hivi, Feisal vile, wa kwao wapi, anafanya kazi gani humo melini, au ndiye aliyemtuma hilo bomba, maana wasichana hawatumwi kwa sura zao mbaya... "Mayu!" yaani mama kwa Kisukuma chake, hiyo ilikuwa sauti ya Monika, mke wa Makoye, jirani, kichwa chake kimetokeza juu ya ua wa mabati na beseni la nguo juu yake, "Mayu, mwanao wa baharini katuletea nini, samaki?" na Zuleha bila kuinua macho, "Kaleta uchovu," na Monika akacheka kile kicheko chake cha kufukuza ng'ombe, "Uchovu! Huo wa kulala ukaisha, au huo wa miezi tisa?" na Zuleha, "Nenda kaanike nguo zako, Monika, jua halikusubiri," "Haya mayu, mie nauliza tu, si nyie mkifanya sherehe mtanialika?" na kile kichwa kikashuka, beseni likaelea peke yake juu ya mabati mpaka kwenye kamba, na lile neno la miezi tisa likabaki uani kama harufu, kwa sababu hilo Zuleha alikwisha kulipima mwenyewe, siku ya kwanza tu, aliangalia anavyoamka, anavyotembea, akamkaangia dagaa makusudi aone kama atakimbilia nje, hakukimbia, kwa hiyo si hilo, bora lingekuwa hilo, mtoto hulelewa, lakini tope...

kwa Mpanda hii, mtu akionekana na udongo kwenye mfuko wenye namba, hata mtoto wa chekechea anajua kinachotafutwa si udongo, wamepita wangapi hapa na nyundo zao na magari yao marefu, mmoja anasema anapima barabara, mwingine anasema mbolea, mwaka unaofuata unaambiwa shamba la fulani liko ndani ya leseni ya utafiti, na shemeji yake mwenyewe, mdogo wake Mohamedi, miaka minane kaimaliza machimboni anaosha mchanga kwenye karai, kwa hiyo Raya aliposema mwaka jana amepata ajira kwenye meli, mama, tunapima sakafu ya bahari ili wajue nguzo za mitambo ya upepo zitasimama wapi, wote walipiga vigelegele na Zuleha alipiga pia, lakini moyoni alisema, upepo, haya, na jana alipolishika lile bomba alielewa, au alidhani ameelewa, kwamba huko chini wameona dhahabu, au kitu cha jamaa ya dhahabu, na mwanangu kajimegea, na kama umejimegea dhahabu ukaogopa kupimisha Mtwara unaileta wapi, unaileta Mpanda, ambako kila mtaa una mtu mwenye karai na mzani na mdomo uliofungwa, hesabu ilikubali mno, na ndiyo maana leo asubuhi Raya alipoingia kuoga, Zuleha alichukua kijiko cha chai na kibakuli cha plastiki, akafungua kile kifuniko cha upande wenye mshale, kilikuwa kimezungushiwa gundi ya karatasi, akaibandua taratibu, akachota kijiko kimoja, kimoja tu, akarudisha kifuniko na gundi yake, akaenda nyuma penye mpapai, akatia maji, akazungusha kibakuli kama alivyomwona shemeji yake akizungusha karai, mviringo mdogo, mwaga, mviringo mdogo, mwaga, akingojea ule mstari wa njano ubaki chini, na hakikubaki kitu, vipande vya kombe vidogo kama kucha za mtoto, na nyuzinyuzi za kijani, mizizi mizizi hivi, mibichi kabisa, akavimwaga vyote chini ya mpapai, akasuuza kijiko, na badala ya kutulia ndiyo kwanza wasiwasi ukazidi, kwa sababu kama si dhahabu ni nini, mtu anaficha tope tupu kwa ajili gani, kuna waganga wa kutuma watu tope la baharini, zipo habari hizo, au ni mali ya kampuni na mwanangu ameiba takataka kwa amri ya huyo Feisal na kesho watakuja na pingu kwa ajili ya takataka...

"...siyo mtambo, Feisal, ni mimi," Raya alikuwa anasema mle ndani, na sauti yake ilipanda kidogo kama mtu anayepanda ngazi gizani, "sikiliza basi, usinikatize, lile bomba tulilozamisha kituo cha kumi na saba lilitoka na mita sita za udongo, sawa? Tukalikata vipande, mimi ndiye nilikuwa naandika, juu, chini, mshale, juu, chini, mshale, zamu ya masaa kumi na nne, na nikaandika kinyume. Nilianzia upande usio wake. Maabara wamepanga kama nilivyoandika," na Feisal, "Huna uhakika," "Ninao, nimekuta mizizi ya majani ya bahari kwenye kipande nilichoandika ndicho cha chini kabisa. Majani yanaota juu, Feisal, yanataka jua, yameotaje mita sita ndani ya ardhi?" na Zuleha alisimamisha vidole, kwa sababu hili la kwanza alilielewa bila msaada wa mtu, alisoma mpaka kidato cha nne na baiolojia alipata C, jani halioti gizani, "kwa hiyo ripoti inasema juu tope laini na chini mchanga mgumu, safi, simika nguzo, wakati kweli yenyewe ni kwamba ule mgumu uko juu, umekaa juu ya tope, unene wake mita mbili tatu tu," kama uji uliopoa, Zuleha aliwaza, umeota utando juu, unaweza kuweka punje ya mchele ikakaa, weka kijiko uone... "na pale wataleta meli ya kusimika, ile inayoshusha miguu yake chini na kujinyanyua, tani na tani, ina watu sitini juu yake, mguu mmoja ukitoboa ule mgumu meli inalala upande, Feisal," na Feisal akasema, si kwa ubaya, sauti ya kijana aliyechoka, "Wataongeza kupima, si wanapimaga mara mbili?" "Pale hawaongezi. Pale tumeshawaambia pazuri." 

Kumbe ni hili, Zuleha aliwaza, ni hili tu, na kwa kitambo kidogo kifua chake kilifunguka, si mimba, si wizi, si mganga, mtoto kakosea kuandika, na hapohapo jibu lilikuwa limekaa tayari kwenye ulimi, jibu la mama mwenye akili, nyamaza mwanangu, ajira haiokotwi njiani, bahari ni kubwa na meli ni ya wenyewe, nani atajua, lilikuwa tayari kabisa, limepangwa, na alilitambua, kwa sababu hakulitunga leo, alilitunga kijijini Litapunga miaka ishirini na tatu iliyopita, Raya huyuhuyu akiwa bado ananyonya, mwaka ule walipokuja watu wa kupima maji ya kisima cha kijiji na nyaya zao na sanduku, na yule mpimaji, Obadia, kijana mwembamba wa suruali inayoning'inia, akazunguka siku mbili kwenye jua, akapigilia kigingi cha chuma chenye rangi nyekundu pembeni ya shamba la karanga la mama mkwe, akawaambia watu, nyie wote, hiki msikiguse mpaka mashine ije, na mashine ilikawia wiki tatu, na mbuzi wa mama mkwe alikuwa amevunja kijiti alichofungiwa, na Zuleha alikuwa na mtoto mgongoni na maharage motoni na kile chuma kimesimama tu pale bila kazi, akaking'oa, amfunge mbuzi jioni moja, zikawa siku nne, mvua ikapiga, na aliporudi kukirudisha tundu lilikuwa limezibwa, akakisia, hapa, au pale, hatua kumi kushoto au kulia si kitu, maji ni maji, yako chini kila mahali, akakipigilia kwa jiwe... mashine ikaja, wanawake wakaimba, ikachimba asubuhi mpaka alasiri, likatoka vumbi, likatoka vumbi jeupe, nyimbo zikakoma, mita tisini, vumbi, na Obadia ameshika karatasi zake anapima kwa hatua kutoka kwenye mti mpaka kwenye kigingi na kurudi, akasema, hiki kigingi si hapa nilipokiweka mimi, kuna mtu amekishika, akawatazama usoni mmoja mmoja, na hakuna aliyejibu, na alipomfikia Zuleha, Zuleha aliinamisha macho akamtazama mtoto kama vile ananyonya vibaya, na mzee mmoja akasema mwongo huyu, kala hela ya kisima sasa anasingizia kijiji, na mwingine akadaka, na mwingine, mpaka mtu akamnyang'anya zile karatasi, na gari likaondoka naye amekaa nyuma juu ya mabomba, kofia hana... na miaka sita wakaendelea kuteka mtoni, Zuleha naye akateka na wenzake, ndoo kwa ndoo, na kila alipoitua alijiambia hii nayo imehesabiwa, nalipa, na siku walipohamia hapa Nsemulwa penye bomba la maji alijiambia imekwisha, nimemaliza, na hakumwambia Mohamedi, na hakuwahi kuuliza yule kijana alipelekwa wapi...

"Basi mwambie mkuu," Feisal alikuwa anasema, "mpigie kabla ya saa saba, lakini ushahidi huna, utasema nini, nimeota? Maabara wamekata kipande chao, wamekausha, hakuna mizizi," na Raya, "Ninao. Kile kipande cha mwisho maabara walichukua nusu, nusu nyingine ilikuwa inatupwa, nimekuja nacho. Nilikuja nacho huku nifikiri. Mizizi iko mdomoni kabisa, ukifungua tu unaiona, napiga picha namtumia sasa hivi, ndipo nampigia, akinifukuza anifukuze," na zipu ya begi ikalia, na Zuleha akarudia moyoni, ukifungua tu unaiona, kijiko kimoja, mdomoni kabisa, nyuzinyuzi za kijani, mibichi... labda imebaki, alijiambia, kijiko cha chai ni nini, sikuchimba, nilikwangua juu tu, juu ndiko ilikokuwa, Mungu wangu, juu ndiko ilikokuwa, na ndani plastiki ikasikika ikigeuzwa mkononi, kisha, "Feisal," "Naam," "Hii gundi imefunguliwa," "Gundi gani?" "Ya kifuniko. Nilizungusha mara mbili nikaikunja ncha. Imefunguliwa ikarudishwa," plastiki ikatoa sauti ya kuchomoka, "Hakuna kitu humu. Pamechotwa. Pamechotwa na kitu kama kijiko, Feisal, ulifanya nini?" "Mimi?" "Wewe ndiye ulinisaidia kufunga mizigo stendi Mtwara. Nilikwenda kununua maji nikakuachia begi," "Raya, wallahi," "Usiape. Usiape hata kidogo. Wewe ndiye ulisema tuache, tangu mwanzo unasema tuache, jina lako nalo liko kwenye ile zamu," "Sikiliza, mimi hicho kipande sijakishika, nilikaa na begi lako dakika tano nakula muhogo, kuna mtu mwingine amekishika," na Raya akacheka kicheko kibaya, kicheko ambacho Zuleha hakujua binti yake anacho, "Mtu mwingine. Nani? Begi halijatoka mikononi mwangu mpaka hapa nyumbani. Nani, mama yangu?"

na hapo palikuwa na nafasi, Zuleha aliiona kabisa, pana kama mlango wa ghala, binti yake ameutaja ukweli kama tusi na kuupita, hakuna aliyekuwa anamwangalia, Monika ameshaanika nguo zake na kuingia ndani, angeweza kuendelea kumenya, angeweza kuinuka aende jikoni kwenye kile kivuli kizuri zaidi, Feisal ni nani kwani, mtoto wa watu, yuko Mtwara, kelele hazimuui mtu, na mchana ripoti ingesainiwa, Raya angelia siku mbili, angerudi melini, ajira ingebaki, siku tatu nne za kununa na mambo yakapita, yote yalikuwa yamepangika vizuri, vizuri mno, na yeye, aliyekuwa akimshuku kila mtu tangu Jumatatu, akimpima mtoto wake kwa dagaa, alimtazama sasa huyu mwanamke aliyekaa chini ya dirisha na ungo wake, akamwona anavyoyapanga, haraka, bila kuhema, na hakumwamini hata kidogo, "...Raya, niamini, mimi si mwizi," Feisal alikuwa anasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kukauka kama ya mtu anayewatazama watu usoni mmoja mmoja, na Zuleha akasikia kinywa chake kimeshaanza, wala hakukingoja, "Mwache huyo kijana, Raya," akasema, kwa sauti ileile ya chukua kisamvu, "kifuniko nimefungua mimi," akaongeza, "asubuhi, ulipokwenda kuoga. Nilichukua kijiko nikaosha kwenye kibakuli, nikitafuta dhahabu. Dhahabu haikuwepo. Ilikuwepo mizizi," na Raya, taratibu, bado hajafika dirishani, "Mama... uliiona?" "Niliiona. Ya kijani, mibichi, na makombe madogo. Nimeimwaga hapa penye mpapai, ardhi bado ina majimaji, njoo na hiyo simu yako tuipekue kabla kuku hawajafika, na hata tukiikosa, mpigie huyo mkubwa wako, nipe nami nizungumze naye, nimwambie ni nani aliyeshika na ameshika nini," na alisikia kitanda kikilia, na hatua za binti yake zikija, na hakuinamisha macho.